Shajara ya mizinga 12: kulisha nyuki kutoka kiangazi hadi mvua za kwanza, Rongai

Januari 6

Leo tumepima mizinga yote. Tunafugia nyuki hapa Rongai, Kaunti ya Nakuru, kwenye kipande cha ardhi chenye mawe ambacho jembe halijawahi kukiweza. Sisi ni kikundi cha watu 8, na daftari hili ninaliweka mimi.

Mizinga ni 12. Namba 1 hadi 7 ni KTBH, ule mzinga wa vibao vya juu uliobuniwa hapa hapa Kenya, na tumeining'iniza kwa waya kati ya nguzo. Namba 8 hadi 12 ni Langstroth, ile mizinga ya masanduku yenye fremu za kushikilia masega, imekaa juu ya vichanja vya chuma. Yenye nyuki ni 9. Namba 5, 7 na 12 ni mitupu tangu mwaka jana.

Mizani yetu ni ile ya kuning'iniza, ya kupimia mahindi. KTBH tunauning'iniza wote. Langstroth tunainua upande mmoja mpaka uachie kichanja kidogo, tunasoma, kisha upande wa pili, halafu tunajumlisha. KTBH mtupu ni kilo 17. Langstroth mtupu, pamoja na fremu na kifuniko, ni kilo 14.

Namba 2: kilo 21. Namba 3: 19.5. Namba 4: 22. Namba 6: 21. Namba 8: 19. Namba 9: 20. Namba 11: 18.5.

Namba 1: kilo 33. Namba 10: kilo 31.

Hizi mbili za mwisho hatukuzirina Desemba. Nyuki wa namba 1 walikuwa wakali usiku ule mpaka tukarudi nyuma, na namba 10 tulikosa muda. Ile mingine 7 ilitupa kilo 61 za asali, tukaiuza shilingi 700 kilo moja na kugawana faida ya Krismasi. Nikitoa uzito wa mbao, naona namba 3 ina kilo 2 na nusu tu za kila kitu: nyuki, nta, majana (watoto wa nyuki) na chakula. Jua lenyewe ndiyo kwanza limeanza.

Januari 19

Nimefungua namba 3 asubuhi na mapema. Nyuki wapo, wametulia. Lakini mayai ni ya kutafuta kwa tochi. Majana yaliyofunikwa yanajaa viganja viwili tu, na hakuna machanga nyuma yake. Asali ni utepe mwembamba juu ya sega. Chavua karibu hakuna.

Mtu asiyewajua nyuki wetu angesema malkia amezeeka. Mimi naogopa jambo jingine. Nyuki wetu wa Afrika hawasubiri njaa iwaue ndani ya nyumba. Mbochi, yaani maji matamu ya maua, ukikauka, malkia hupunguza kutaga, kundi husubiri majana ya mwisho yatoke, hunywa asali iliyobaki ili kupata nguvu ya safari, kisha siku moja hunyanyuka wote na kuondoka. Unakuta masega yamebaki safi kama yameoshwa.

Nimesoma mengi kwenye simu kuhusu kulisha nyuki mwisho wa majira ya baridi, na karibu yote yameandikwa na watu wa nchi za theluji. Kule Uingereza, kwa mfano, nyuki hukumbatiana ndani ya mzinga miezi yote ya baridi, na kundi lenye njaa hufia humo humo, vichwa vikiwa vimezama kwenye vyumba vya sega. Mfugaji huwawekea sukari iliyokandwa kama ugali Januari na Februari, kwa sababu maji ya sukari yakiwa baridi sana hawayanywi. Machi wakianza kuruka, ndipo huwapa maji ya sukari mepesi ili malkia aamke. Na wanasema mwezi hatari kuliko yote ni huo wa Machi, wakati baridi inaisha, kwa sababu majana yanaongezeka kabla maua hayajafunguka.

Nimeandika hilo la Machi kwa kalamu nyekundu. Sisi hatuna theluji, ila tuna Januari mpaka Machi ya vumbi, kisha mvua. Nataka kuona kama na sisi hatari iko hapo mwisho, mahali watu wanapopumua na kusema afadhali mvua imekuja.

Januari 22

Tumeanza kulisha. Mizinga 7 iliyorinwa itapata chakula. Namba 1 na 10 haipewi kitu, tutaipima tu.

Kipimo ni kilo 1 ya sukari nyeupe kwa lita 1 ya maji. Maji yakichemka yanaepuliwa, ndipo sukari inaingia na kukorogwa. Sukari yenyewe haipikwi juu ya moto, kwa sababu ikianza kuungua hutoa sumu inayodhuru nyuki. Kilo 1 na lita 1 hazitoi lita 2, hutoa kama lita 1.6. Leo tumetumia kilo 4 na nusu tukapata lita 7 na kidogo, lita moja kwa kila mzinga. Sukari dukani ni shilingi 150, jumla 675.

Mweka hazina wetu alitaka tununue asali ya bei ya chini sokoni tuwape, akisema asali kwa nyuki ni asili yao. Nilikataa. Asali usiyoijua ilikotoka inaweza kubeba vimelea vya magonjwa ya majana, na ugonjwa wa aina hiyo ukiingia hautoki kwa maombi. Wa kupewa asali wapewe ya mzinga wao wenyewe.

Vyombo vilinisumbua kuliko nilivyofikiri. Wengine kule nje hutumia mifuko ya plastiki iliyolazwa juu ya fremu na kutobolewa kwa wembe, lakini kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, na hata ingekuwepo nisingeipenda. Kwa Langstroth tumetumia makopo ya plastiki ya siagi ya karanga. Mfuniko unatobolewa matundu 7 kwa msumari mwembamba kabisa, kopo linageuzwa juu chini, linakaa juu ya fremu ndani ya supa tupu (sanduku la juu la mzinga), kifuniko cha mzinga kinafunga juu yake. Mwanzoni hudondosha matone machache, kisha hewa hukamata, haimwagiki tena. Nyuki hunyonya kwenye matundu.

KTBH hauna nafasi juu, basi tunarudisha ubao wa kugawia nyuma na kuacha upenyo chini yake. Upande mtupu tunaweka bakuli pana lenye vipande vya mabua ya mahindi vinavyoelea. Bila mabua wanazama. Nilijaribu bakuli moja bila mabua kwa nusu saa, nikatoa nyuki 40 waliokufa, na bado naliona bakuli lile.

Januari 25

Juzi mama jirani alikuja kulalamika kuwa nyuki wamejaa kwenye bomba lake la maji, na watoto wanaogopa kuchota. Ana haki. Tulikuwa tunafikiria sukari tukasahau maji, na kwa jua hili nyuki huchota maji kuliko kitu kingine, ya kunywa na ya kupoza mzinga. Majana yanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35, si chini wala juu, na wakati wa jua kali wanalishusha kwa kupaka maji kwenye sega na kupepea mabawa.

Tumeweka karai mbili chini ya mgunga, zimejazwa kokoto, maji yafike nusu ya kokoto. Siku mbili za kwanza hawakuzitazama. Siku ya tatu nilitia kikombe cha maji ya sukari ndani ya karai ili wazijue, na jioni bomba la mama jirani lilikuwa limebaki na nyuki wachache tu. Nimempelekea nusu lita ya asali ya akiba ya nyumbani.

Februari 1

Leo nimeharibu. Nililisha saa 10 mchana kwa sababu jioni nilikuwa na mkutano wa shule. Kopo la namba 9 liliniteleza, karibu kikombe kizima kikamwagika juu ya kichanja. Dakika kumi baadaye nyuki wa mizinga mingine walikuwa wameshaipata harufu. Kufikia saa 11 walikuwa wanapigana mlangoni kwa namba 9, wamebingirishana wawili wawili kwenye vumbi, na wavamizi wengine wanatafuta nyufa za kifuniko.

Nilipunguza mlango kwa nyasi mbichi mpaka apite nyuki mmoja mmoja, nikamwaga maji juu ya kichanja, nikafunika mzinga wote kwa shuka lililolowa. Jua lilipozama walitawanyika. Chini niliokota viganja vitatu vya maiti.

Kuanzia leo: kulisha ni saa 12 na nusu jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Milango ya mizinga yote dhaifu ibaki myembamba. Ndoo ibebwe na kifuniko. Tone likidondoka lipanguswe papo hapo.

Februari 8

Shemeji kutoka Malava ametuletea sukari guru mabonge 6, akijua tunatumia pesa nyingi. Ni zawadi ya moyo, na bei yake kule kwenye miwa inafanya sukari nyeupe ionekane anasa. Nimemweleza kwa nini siwezi kuwapa nyuki. Sukari guru haijasafishwa. Ina madini na mabaki ya muwa ambayo tumbo la nyuki haliwezi kuyameng'enya, na huwaharisha. Sukari nyeupe, ambayo sisi binadamu tunaambiwa tuipunguze, ndiyo salama kwao kwa sababu haina kitu kingine ndani yake. Alishangaa, akacheka, akasema basi tutaitia kwenye uji. Tumeitia.

Februari 11

Namba 3 wameondoka.

Niliona asubuhi hakuna anayetoka wala kuingia. Nikaweka sikio, kimya. Ndani kulikuwa na masega 9, meupe yaliyokauka, hakuna jana hata moja lililofunikwa, hakuna asali. Hakuna maiti. Bakuli la maji ya sukari lilikuwa bado na karibu nusu.

Hiyo nusu ndiyo imenikaa kichwani siku nzima. Chakula kilikuwepo na bado wakaondoka. Nilimpigia simu mzee wa upande wa Mogotio mwenye mizinga ya magogo, ambaye amefuga tangu mimi sijazaliwa. Akaniuliza, "Uliwafungua mara ngapi, mama?" Nikahesabu: mara 4 katika wiki 3. Akasema, "Nyuki akishaamua safari humzuii kwa kikombe cha chai. Na wewe ulikuwa unamgongea mlango kila siku anapofunga mizigo."

Nilimwuliza yeye analisha nini Januari. Akasema hajawahi kununua sukari ya nyuki maishani. Kwenye gogo anarina upande mmoja tu, upande wa pili hagusi mpaka maua mengine yaje. "Ule ni wa wenyewe," alisema.

Ninaandika makosa yangu mawili nisije nikayasahau. Nilianza Januari 22 na mayai yalikuwa yameshakatika kabla ya Januari 19. Kundi lilikuwa limeamua. Na kiherehere changu cha kutaka kuona kiliwasumbua. Kulisha kunatakiwa kuanze malkia akiwa bado anataga. Kuanzia sasa mzinga haufunguliwi ila kwa sababu. Uzito unatosha kunieleza.

Masega ya namba 3 nimeyatoa leo leo. Yakibaki wiki mbili bila nyuki, nondo wa nta atayageuza utando. Mazuri 5 nimeyafunga kwenye ndoo yenye mfuniko, mengine yameyeyushwa.

Februari 12

Lita 6, mizinga 6. Kilo 4 za sukari. Sasa ni mara moja kwa wiki.

Februari 19

Leo sikwenda shambani. Nimekaa na kalenda, nikahesabu kinyumenyume.

Mvua za masika huku kwetu huanza kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Miti ya mukinduri huitikia mvua kubwa ya kwanza kwa kutoa maua yote pamoja, siku chache tu, kisha imekwisha. Kahawa za upande wa Solai nazo huchanua kama siku 10 baada ya kunyeshewa. Ukichelewa, umekosa. Tuseme maua yaje Aprili 10.

Yai la nyuki mtenda kazi huchukua kama siku 20 mpaka atoke nyuki kamili. Lakini nyuki mchanga haendi shambani. Anasafisha vyumba, analisha majana, anajenga sega, analinda mlango, na kwa kawaida hupita karibu siku 20 nyingine kabla ya kutoka kutafuta mbochi. Jumla siku 40. Siku 40 kabla ya Aprili 10 ni Machi 1. Maana yake nyuki atakayeniletea asali ya mukinduri lazima awe yai kufikia siku za mwisho za Februari, wakati nje hakuna hata kishona nguo iliyo hai.

Na hapo sukari peke yake haitoshi. Sukari ni nguvu ya kuruka na kupasha joto. Jana linajengwa kwa protini, na protini ya nyuki ni chavua. Nyuki wachanga wanaolea hula chavua, tezi za kichwani mwao hutoa maziwa, na maziwa hayo ndiyo chakula cha majana na cha malkia. Chavua isipoingia, wanaweza kunywa sukari lita 10 na bado malkia asitage.

Nilikuwa nimefikiria nusu ya jambo tu mwezi mzima.

Februari 21

Unga wa soya. Tumekaanga soya mpaka inukie, tukaipeleka kwa posho mill, tukaichekecha kwa kitambaa chepesi. Sehemu tumeweka mkavu kwenye trei chini ya bati, mita 30 kutoka kwenye mizinga. Sehemu nyingine tumekanda kwa maji ya sukari mazito mpaka ikawa kama unga wa chapati, tukakata vipande vya gramu 50, tukaviweka moja kwa moja juu ya fremu karibu na majana, na kwa KTBH tumevibandika kwenye ukuta karibu na sega la mwisho.

Vidogo kwa makusudi. Mende mdogo wa mzinga ni mwenyeji wa Afrika, huishi pembeni ya kila kundi akisubiri udhaifu. Kipande kikikaa zaidi ya siku 3 au 4 bila kuliwa, hutaga humo na mabuu hujaa.

Trei ya unga mkavu imekuwa kitu cha kutazama. Wanajigaragaza kama kuku kwenye majivu, kisha wanarudi nyumbani wakiwa weupe. Mwanangu alidhani ni aina nyingine ya nyuki.

Machi 5

Uzito umeanza kunieleza kitu. Namba 2 imepanda kutoka 21 hadi 22.5. Namba 4 iko 23. Namba 8 imefika 22. Namba 11, niliyodhani itafuata namba 3, iko 19.5. Nimeifungua hiyo moja tu, dakika 3. Mayai yapo, yamesimama wima chini ya vyumba kama vipande vya uzi. Majana yaliyofunikwa yamejaa pande mbili za fremu 2. Nimefunga nikiwa na furaha ya kweli.

Namba 1 imeshuka kutoka 33 hadi 27, namba 10 kutoka 31 hadi 26. Wamekula kilo 6 na kilo 5 kwa miezi miwili. Sijawapa hata tone. Trafiki ya mlangoni kwa namba 1 asubuhi ni mara mbili ya mzinga wowote ninaoulisha.

Machi 12

Ngurumo ya kwanza, bila mvua. Siafu wametoka. Usiku saa 5 kijana wetu wa zamu aliwaona wakipanda kichanja cha namba 9. Miguu ya vichanja imesimama kwenye mikebe ya oili chafu, lakini jani moja la nyasi lilikuwa limeegemea juu na likawa daraja. Tulimwaga majivu ya moto kuzunguka na kukata nyasi kwa taa ya simu mpaka saa 8 usiku. Kundi limebaki. Nyasi sasa zitafyekwa kila Jumamosi, na hili haliombewi ruhusa.

Machi 19

Chavua halisi imeanza kuingia, ya njano iliyokolea, sijui wameipata kwenye mti gani. Trei ya soya hawaitaki tena. Wameiacha kana kwamba haijawahi kuwepo. Nimeiondoa.

Machi 27

Mvua! Tangu saa 9 usiku. Bati halikunyamaza. Wanakikundi wamenitumia ujumbe wa pongezi, mmoja ameandika "kazi ya sukari imekwisha, asante Mungu."

Nimemjibu kuwa nami namshukuru Mungu, ila sukari haijaisha.

Aprili 2

Siku ya saba ya mvua. Asubuhi mvua, mchana mawingu na baridi, jioni mvua. Nyuki wametoka kwa saa moja au mbili tu kila siku. Nimepima mizinga chini ya mwavuli.

Namba 8: kutoka 22 hadi 19. Namba 4: kutoka 23.5 hadi 20.5. Namba 2: kutoka 23 hadi 20. Kilo 3 kwa wiki, na nilikuwa nimewalisha Machi 19.

Kiangazi chote hawakuwahi kushuka hivi. Sababu iko ndani: tumewasukuma walee, wakalea. Sasa majana ni mengi, yanataka kula na yanataka joto, nyuki wachanga wamejaa, na hakuna anayeweza kutoka kutafuta. Ghala la mwezi linaliwa kwa wiki. Hili ndilo lile jambo la Machi nililoandika kwa kalamu nyekundu, limevaa nguo za Rongai. Nje ni kijani kibichi kila mahali, mtu anapita anasema nyuki wako wanakula vizuri sasa, na ndani wako siku 3 kutoka njaa.

Tumelisha jioni hii hii. Kipimo kimebadilika: kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji. Watu wa Pwani wangeiita shira kweli kweli. Katika hewa yenye unyevu kama hii maji mepesi huwapa kazi ya kuyakausha kwa mabawa, na nguvu hiyo hawana. Na chombo kimehamishwa, kikae juu kabisa ya majana, kwa sababu kwenye baridi hawataki kutembea hadi mwisho wa mzinga kula.

Aprili 3

Namba 11 nilikuta asubuhi nyuki kama 200 sakafuni, wamelegea, wengine wanachezesha miguu tu. Hawakuwa wamelifikia kopo. Niliwanyunyizia maji ya sukari ya vuguvugu kwa chupa ya kunyunyizia nywele, nikafunga, nikasimama hapo nikiomba. Baada ya dakika 20 sauti ilirudi. Si wote. Lakini sauti ilirudi.

Aprili 5

Tena shira. Namba 11 iko 18, imetulia. Namba 1 iko 24, namba 10 iko 23.5. Nao wameshuka, lakini wana cha kushukia.

Aprili 7

Jua kwa muda wa saa 5 nzima! Shira ya tatu jioni, nadhani ya mwisho.

Aprili 11

Nimesikia harufu kabla sijaona. Mukinduri zote za ukingo wa barabara zimegeuka rangi ya maziwa yaliyokorogwa na asali, na chini yake kuna mvumo kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali. Namba 1 imepanda kilo 1.5 tangu jana. Namba 10 kilo 1. Zile 6 zilizolishwa zimepanda kati ya nusu kilo na robo tatu.

Makopo na mabakuli yote yametolewa leo, yameoshwa, yamefungiwa stoo. Chakula kikibaki ndani wakati mbochi unaingia, maji ya sukari huishia kwenye sega la kuuzwa, na mteja anayenunua asali kutoka kwetu atakuwa amenunua sukari ya shilingi 150 kwa shilingi 700. Kwa KTBH nimechora alama ya chaki kwenye vibao vya masega yenye maji ya sukari. Hayo hayarinwi, ni ya kuliwa na wenyewe. Supa za asali za Langstroth zimepandishwa sasa tu, baada ya makopo kutoka.

Aprili 24

Mkutano wa kikundi. Nimesoma hesabu.

Sukari kilo 54, shilingi 8,100. Soya na kusaga, 600. Jioni 13 za kubeba ndoo, ambazo hakuna aliyelipwa. Kundi 1 limepotea kati ya 7 yaliyorinwa, hakuna lililopotea kati ya 2 yasiyorinwa. Leo namba 1 iko kilo 36 na namba 10 iko 33. Bora kati ya yaliyolishwa ni namba 4, kilo 27.

Mweka hazina alisimama, na alisema kweli tupu. Sega lililojaa hutoa karibu kilo 1 na nusu. Tukiacha masega 4 kwa kila mzinga, kwa mizinga 7 ni kilo 42, karibu shilingi 29,400 ambazo hazigawanywi Krismasi, wakati sukari ni 8,100. Kwa karatasi, sukari ni rahisi. Sikumbishia hesabu. Niliomba tuongeze mistari ambayo haikuwepo: mzinga uliohama, siku za maua ambazo makundi dhaifu yalikuwa bado yanakusanya nguvu, na kwamba asali iliyoachwa haipotei, ile isiyoliwa iko palepale Aprili. Namba 1 ilikula kama kilo 9, ikarudisha 12.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tumekubaliana hivi: Desemba ijayo kila KTBH ibaki na masega 4 ya asali, yaliyo karibu na majana, na kila Langstroth ibaki na fremu 4 zilizojaa. Sukari inanunuliwa kilo 25 tu na kuwekwa kwa wiki za mvua za kwanza na kwa kundi litakalopungua uzito. Kupima ni kila tarehe 1 na 15. Watu 5 wamekubali, 2 wamekataa, 1 alikuwa kazini.

Aprili 27

Yale masega 5 ya namba 3 niliyoyafungia kwenye ndoo, niliyaweka juzi kwenye namba 7 iliyokuwa tupu, baada ya kuufukiza mzinga moshi na kupaka nta mlangoni. Leo saa 7 mchana kundi limetua. Sijui limetoka wapi. Kwa ukubwa ni kama kilo 2. Waliingia wote kwa robo saa, na wengine wakabaki mlangoni wameinua mikia wakipepea harufu kuwaita wenzao.

Kijana wa zamu aliuliza kama tufungue tuone malkia. Nimemwambia hapana, tutapima tarehe 1. Tumejaza karai maji tukaenda kufyeka nyasi upande wa namba 9.